Maneno ya Kiingereza yanayoanza sawa: mwongozo kamili wa kuyatofautisha

Swali linalonifikia mara nyingi kuliko yote kuhusu msamiati wa Kiingereza ni hili: "Nimekariri orodha nzima, mbona kwenye mtihani nimechanganya?" Anayeuliza huwa amekesha na orodha ya maneno yanayoanza na *pre-*, *pro-* na *per-*. Asubuhi inafika, *persecute* imeshageuka *prosecute*. Si mvivu huyu. Njia aliyoitumia ndiyo iliyomchanganya, kwa sababu maneno yanayofanana yakisomwa pamoja kwa wakati mmoja hugombania nafasi ileile kichwani.

Mwongozo huu unafuata njia nyingine. Nimemlenga zaidi mwanafunzi wa sekondari, hasa aliyemaliza shule ya msingi iliyofundisha kwa Kiswahili, ingawa muuguzi, karani au yeyote anayesoma barua za Kiingereza kazini atafaidika vilevile. Usiruke hatua. Ya pili ndiyo wengi huiruka, na ndiyo inayowaangusha.

## Vitu utakavyohitaji

- Kauntabuku moja, itumike kwa kazi hii tu.
- Kalamu za rangi mbili, ya bluu na nyekundu.
- Karatasi ya manila iliyokatwa kadi ndogo zinazoenea kiganjani.
- Kamusi ya Kiingereza kwa Kiingereza ya wanaojifunza lugha, yenye sentensi za mfano. Ya kwenye simu ni bora zaidi kwa kuwa inakusomea neno kwa sauti.
- Kamusi ya Kiingereza kwa Kiswahili, kwa ajili ya kuhakikisha tu.
- Mazoezi na mitihani yako iliyosahihishwa, yenye wino mwekundu wa mwalimu.

Hicho cha mwisho ndicho chenye thamani kuliko vyote. Kama umeshavitupa, anza kuvitunza leo.

## Hatua ya 1: Kusanya maneno kutoka kwenye makosa yako

Orodha ya kwenye mtandao iache kwanza. Pitia mazoezi yako, na kila neno ulilolitumia vibaya au ulilolisoma ukalidhania lingine, liandike kwenye kauntabuku pamoja na sentensi nzima lilimotokea. Neno moja, ukurasa mmoja. Nafasi inayobaki utaijaza baadaye.

Sentensi nzima ina kazi yake. Ukiandika *expect* peke yake, kesho hutajua ilikusumbua wapi. Ukiandika *We expect visitors on Saturday*, unaona mara moja kwamba ni kutarajia wageni, wala si kuwakubali (*accept*) wala kuwaacha nje ya hesabu (*except*).

Hatua hii imekamilika utakapokuwa na maneno kumi hadi ishirini ambayo kweli yalikukwaza. Yakizidi hapo, subiri. Utayarudia awamu ijayo.

## Hatua ya 2: Pima kama mwanzo wa neno ni kiambishi kweli

Sisi tuliokulia kwenye Kiswahili tumezoea kwamba mwanzo wa neno unafanya kazi. *Ki-* na *vi-*, *m-* na *wa-*, *a-* na *tu-*: kila kipande kinasema jambo. Mazoea hayo yanatusaidia sana katika Kiingereza, ila yana hatari moja. Tunaona kiambishi hata pale ambapo hakipo.

*Uncle* haina *un-* ya ukanushi. *Mission* haina *mis-* ya kukosea. *Read* na *real* hazina *re-* ya kurudia, na *distance* haimaanishi kukosekana kwa kitu. *Uniform* nayo huanza na *uni-*, maana yake moja: sare ni umbo moja kwa wote.

Fanya kipimo hiki. Funika mwanzo kwa kidole, kisha angalia kilichobaki. Je, ni neno linalojitegemea? Ukifunika *un-* kwenye *unhappy*, unabaki na *happy*. Kiambishi kipo.

Kama kilichobaki si neno, usikate tamaa, maana maneno mengi ya Kiingereza yana mashina ya Kilatini yasiyosimama peke yake. Jiulize kama shina hilo umeliona kwenye maneno mengine angalau mawili. Chukua *-port*, lenye maana ya kubeba. *Import* ni kuingiza bidhaa, *export* ni kuzipeleka nje, *deport* ni kumwondoa mtu nchini kwa nguvu ya sheria, *transport* ni kubeba kutoka mahali hadi mahali. Shina ni moja, mwanzo ndio unaobadilika na kuibadilisha safari. Shina la namna hiyo liandikie ukurasa wake, kwa sababu litakulipa kwa miaka.

Angalizo: shina likishindikana kabisa, lichukue neno zima kama lilivyo. Kubuni maana kutokana na herufi tatu za mwanzo ni kubahatisha.

Ukiweza kupitia maneno yako yote na kuandika kando ya kila moja "kipo" au "hakipo", endelea.

## Hatua ya 3: Anza na viambishi vya kukanusha

Hapa tutakaa kidogo, kwa sababu ndipo makosa mengi yanapozaliwa na ndipo Kiswahili chako kinapokubeba.

Familia ya *in-*. Mwanafunzi hukariri *in-*, *im-*, *il-* na *ir-* kama viambishi vinne. Ni kimoja. Kinabadilika kufuata herufi inayofuata: mbele ya *b*, *m* na *p* kinakuwa *im-*, kama *imbalance*, *immature*, *impossible*. Mbele ya *l* kinakuwa *il-*, kama *illegal*. Mbele ya *r* kinakuwa *ir-*, kama *irregular*. Kwingineko kinabaki *in-*, kama *incorrect*.

Jambo hili unalifanya kila siku bila kufundishwa. Tunasema nyumba nzuri, lakini nyumba mbaya, kwa sababu *n* ikikutana na *b* inageuka *m*. Ubao mmoja, mbao mbili, ubavu, mbavu. Midomo ya Mswahili na ya Mlatini ilitafuta wepesi uleule. Ukilikumbuka hilo hutaandika *inpossible* tena.

Kazi mbili za *un-*. Ikikaa mbele ya kivumishi, inakanusha: *unhappy* ni asiye na furaha, *unfair* ni isiyo ya haki. Ikikaa mbele ya kitenzi, mara nyingi inatengua tendo lililokwisha kufanyika. Kiswahili kina mlango huohuo, tunauita kauli ya kutendua, ila sisi tunaupachika mwishoni. *Lock* na *unlock* ni funga na fungua. *Fold* na *unfold* ni kunja na kunjua. *Block* na *unblock* ni ziba na zibua. *Cover* na *uncover* ni funika na funua. Anayetafsiri *unfold* kuwa "kutokunja" amechukua kazi ya kwanza akaipa kitenzi kinachotaka ya pili.

Tatu zinazochanganywa daima. Andika *use* katikati ya ukurasa, kisha:

*Unused* ni kitu ambacho hakijatumika, kama vocha ambayo hujaikwangua.

*Disused* ni kitu kilichokuwa kikitumika kikaachwa, kama njia ya reli iliyoota majani.

*Misused* ni kitu kilichotumiwa vibaya, kama fedha za kikundi zilizolipia sherehe ya mweka hazina.

Shina ni lilelile, viambishi vitatu, na kesi tatu tofauti kabisa mbele ya wanachama wa kikundi. Ripoti ikisema *unused funds*, pesa zipo benki. Ikisema *misused funds*, kuna mtu wa kuulizwa.

Jozi nyingine ya namna hiyo ni *uninterested* na *disinterested*. Ya kwanza ni mtu asiyevutiwa na jambo. Ya pili, katika maandishi rasmi, ni mtu asiye na maslahi binafsi, kama hakimu anavyopaswa kuwa. Kumwita hakimu *uninterested* ni kumtukana.

Angalizo kubwa: *in-* isiyokanusha. Kuna *in-* nyingine yenye maana ya ndani au kuelekea ndani: *include*, *income*, *inhale*. Na kuna maneno machache yanayoonekana kama ukanushi ilhali hayakanushi namna unavyodhani:

*Inflammable* ni kinachoshika moto kwa urahisi, sawasawa na *flammable*. Kisichoshika moto huitwa *non-flammable*. Anayebeba mafuta, rangi au gesi alijue hili kabla ya neno lingine lolote kwenye ukurasa huu.

*Invaluable* ni chenye thamani kubwa isiyokadirika, sio kisicho na thamani.

*Infamous* ni anayejulikana sana, kwa ubaya.

*Inhabitable* ni panapokalika. Pasipokalika ni *uninhabitable*.

Tahajia. Ukiunganisha kiambishi na neno, usiongeze herufi wala usipunguze. *Mis-* na *spell* ni *misspell*, s mbili. *Un-* na *necessary* ni *unnecessary*, n mbili. *Dis-* na *satisfied* ni *dissatisfied*. Lakini *dis-* na *appear* ni *disappear*, s moja tu, kwa sababu *appear* haianzi na s. Kanuni hii moja inafuta makosa mengi ya tahajia ninayoyaona.

Je, utajuaje kama neno linataka *un-* au *in-*? Hakuna kanuni ya kutegemea. Waingereza wenyewe husema *unable* lakini *inability*, *unjust* lakini *injustice*, *unequal* lakini *inequality*. Haya yajifunze jozi kwa jozi, kivumishi na nomino yake. Hapo kuyaweka pamoja hakuna madhara, kwa kuwa maana ni moja.

Jipime hivi: mtu akusomee maneno kumi ya ukanushi, nawe umwambie kwa kila moja kama linasema "si", "ondoa", "iliachwa" au "vibaya". Ukipata tisa, songa mbele.

## Hatua ya 4: Viambishi vinavyopingana

Baadhi ya mianzo inatofautiana kwa herufi moja au mbili tu, na maana zinaelekea pande mbili. Hapa kosa linaweza kuwa la maisha.

*Hyper-* na *hypo-*. *Hyper-* ni juu ya kiasi, *hypo-* ni chini. *Hypertension* ni shinikizo la juu la damu. *Hypotension* ni la chini. *Hyperglycaemia* ni sukari kupanda. *Hypoglycaemia* ni sukari kushuka. Ambaye sukari yake ya damu imeshuka anahitaji kitu cha sukari haraka. Insulini itamshusha zaidi na inaweza kumuua. Kwa hiyo wanafunzi wa uuguzi, msitosheke na kulisoma neno hili mbiombio. Shika sindano: *hypodermic* ni ile inayoingia chini ya ngozi. *Hypo-*, chini. Kwenye kadi andika *o* hiyo kwa wino mwekundu.

*Ante-* na *anti-*. *Ante-* ni kabla: *antenatal clinic* ni kliniki ya wajawazito, kabla ya kujifungua. *Anti-* ni dhidi ya: *antibiotic*, *antimalarial*, *anti-corruption*. *Antinatal* ukiiandika kwenye fomu ya kliniki, umesema dhidi ya uzazi. Lipo neno moja linalokwenda kinyume: *anticipate*, kutazamia jambo kabla halijafika. Limeandikwa kwa *i*, lakini asili yake ni ya *ante-*.

*Inter-* na *intra-*. *Inter-* ni baina ya: *international*, baina ya mataifa. *Intra-* ni ndani ya: *intravenous*, ndani ya mshipa, ndiyo ile IV ya dripu.

*E-* na *im-*. *E-* au *ex-* ni kutoka, *im-* au *in-* ni kuingia. *Emigrate* ni kuhama nchi yako. *Immigrate* ni kuhamia nchi nyingine. Angalia jinsi Kiswahili kilivyolimaliza kwa silabi moja: hama, hamia. Ukifika mpakani Namanga, kibao kinasema *Immigration* upande wowote unaoingia, kwa kuwa hapo ndipo anayeingia hupokewa.

Jozi mbili zaidi za kundi hili zinasumbua watu wazima wenye digrii. *Eminent* ni mtu mashuhuri anayeheshimika. *Imminent* ni jambo lililo karibu kabisa kutokea. *Elicit* ni kitenzi, kumfanya mtu atoe jibu au habari; *illicit* ni kivumishi, kilicho haramu, kama *illicit brew* ya magazeti ya Kenya, yaani pombe haramu. *Elicit* na *illicit* hutamkwa sawasawa hata na Waingereza, kwa hiyo masikio hayatakusaidia. Angalia kazi ya neno kwenye sentensi: ni kitenzi au ni kivumishi?

## Hatua ya 5: Tenganisha pacha, mmoja kwanza

Sasa tumefika kwa maneno yaliyokuleta hapa. Kanuni ni moja na ni lazima uiheshimu: usijifunze pacha wote siku moja. Chagua lile unalokutana nalo zaidi. Litumie mpaka likae. Lile la pili lilete baada ya siku kadhaa, na ulifungie kwenye kitu tofauti kabisa.

Mfano mmoja kwa ukamilifu, *prosecute* na *persecute*.

Siku ya kwanza chukua *prosecute*, kumshtaki mtu mahakamani. Lifungie kwenye cheo unachokisikia kwenye taarifa ya habari, DPP, *Director of Public Prosecutions*, yaani Mkurugenzi wa Mashtaka. Andika sentensi tatu zako mwenyewe. Zote ziwe na mahakama, shahidi au hakimu ndani yake. Zisome kwa sauti, ukiitia nguvu *pro*.

Hapo subiri. Siku zikipita, na *prosecute* ikija kichwani bila kuitafuta, ndipo ulete *persecute*, kumtesa au kumwandama mtu kwa sababu ya dini, kabila au msimamo wake. Lifungie kwenye *person*: anayeumia ni mtu. Sentensi zake zisiwe na mahakama hata moja. Mwishoni kabisa, andika sentensi moja yenye maneno yote mawili. Ikitoka sawa bila kamusi, pacha wameachana.

Kwa mengine, hizi ndizo fundo ninazozipendekeza:

*Prescribe* ni daktari kukuandikia dawa. *Pre-* ni kabla, anaandika kabla hujaenda duka la dawa. *Proscribe* ni kupiga marufuku; liweke na *prohibit*, nalo linaanza na *pro-* na linakataza.

*Precede* ni kutangulia, *proceed* ni kuendelea mbele. Kwa tahajia, kumbuka kwamba ni maneno matatu tu yanayoishia *-ceed*: *exceed*, *proceed* na *succeed*. *Supersede* lina mwisho wake peke yake. Ndugu zao waliobaki, kama *recede* na *concede*, huishia *-cede*.

*Accept* ni kupokea au kukubali, *except* ni isipokuwa, *expect* ni kutarajia. Anza na *except*, kwa sababu *ex-* ni nje: kinachoachwa nje ya hesabu.

*Access* ni nafasi ya kufikia kitu, *excess* ni ziada, *assess* ni kutathmini.

*Adapt* ni kujirekebisha kulingana na mazingira, *adopt* ni kuasili mtoto au kuupokea mpango, *adept* ni stadi.

*Complement* ni kinachokamilisha, na ndani yake unaiona *comple* ya *complete*. *Compliment* ni neno la sifa.

*Stationery* ni karatasi na kalamu. *Stationary* ni kilichosimama hakisogei. Tembea mtaani uangalie mabango ya maduka ya steshenari, utaona herufi ya *a* imekaa pasipo pake. Duka linauza *envelopes*, na *envelope* inaanza na *e*. Ndiyo hiyo *e* ya *stationery*.

## Hatua ya 6: Jifunze majirani wa neno

Maana ya kamusi haitoshi. Neno la Kiingereza lina majirani wake, na majirani ndio hukumbusha haraka. Kwenye ukurasa wa kila neno andika mawili au matatu yanayoandamana nalo: *adopt a child*, *adopt a policy*, lakini *adapt to change*. *Access to water*, lakini *assess the damage*. *Accept an offer*, lakini *everyone except me*.

Ukiona *to* inafuata kwenye nafasi iliyo wazi ya mtihani, tayari *adapt* imekuita kabla hujawaza maana. Kwenye maswali ya kujaza nafasi, mwanafunzi anayejua majirani humaliza mapema.

Angalizo: majirani yatoe kwenye kamusi au maandishi yaliyohaririwa vizuri. Usiyatoe kwenye tafsiri yako ya Kiswahili.

## Hatua ya 7: Kadi, na kipimo cha mwisho

Kwenye kadi, upande mmoja andika sentensi yenye pengo. Upande wa pili andika neno, na herufi inayolitenganisha na pacha wake iwe nyekundu. Usiandike neno upande mmoja na tafsiri upande mwingine. Kadi ya hivyo inakupima kutambua tu, na mtihani unakutaka uchague.

Pitia kadi kesho yake, kisha baada ya siku tatu, kisha baada ya wiki, kisha mwezi. Uliyoikosa inarudi mwanzo. Changanya kadi kila mara, usizipange kwa herufi.

Neno limeshika pale unapolitumia sawasawa katika maandishi yako mwenyewe, mara tatu kwa siku tofauti, bila kufungua kamusi. Hapo ukurasa wake kwenye kauntabuku uwekee alama ya vema.

Yatabaki machache yasiyokubali, na mtihani ni wiki ijayo. Usiyalazimishe. Andaa mbadala salama kwa kila moja na uandike huo: *banned* badala ya *proscribed*, *impartial* badala ya *disinterested*, *about to happen* badala ya *imminent*, *illegal* badala ya *illicit*. Msahihishaji hakupunguzii alama kwa neno jepesi lililokaa mahali pake. Mtihani ukipita, rudi kwenye kurasa zisizo na alama ya vema, uanze upya na moja.